Vijia vya Karura, Ngong na Hell's Gate: mwongozo kamili wa kutembea, kuendesha baiskeli na kutunza njia

Novemba, vuli ikishakolea, kuna mahali katika msitu wa Karura ambapo kijia cha mtu mmoja hugeuka barabara ya upana wa lori. Hakuna trekta iliyopita. Tumepita sisi. Wa kwanza alikuta dimbwi katikati, akapita kando asichafue raba. Wa pili akakuta kando nako kumelowa, akasogea hatua moja zaidi majanini. Wa tatu alikuwa na baiskeli, akakata kona kabisa. Kufikia Desemba paliachwa vichochoro vitatu sambamba, vyote tope tupu, na mizizi ya miti miwili iko nje kama mbavu za punda mwenye njaa.

Miongozo mingi huanza na viatu. Viatu nitavifikia. Nimeanza na dimbwi kwa sababu nilikuwa mmoja wa wale waliopita kando, miaka kadhaa, bila kujua ninachofanya, hadi Jumamosi moja niliposhikishwa jembe na mzee mmoja wa kujitolea pale msituni. Aliniuliza, "Wewe unadhani njia huharibiwa na nini?" Nikajibu watu. Akacheka. "Maji, kijana. Watu huyaonyesha maji pa kupita." Yote yaliyo hapa chini nimeyapanga kwa jicho hilo: namna ya kufurahia njia, na namna ya kuhakikisha mwakani bado ipo.

Anzia Karura

Kama uko Nairobi na hujawahi kupanda mlima wala kuendesha baiskeli nje ya lami, usianze na mlima. Anza Karura.

Msitu huu una hekta 1,041 na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Limuru Road na Kiambu Road zimeukata vipande, na ndani yake mnapita mito, ukiwemo wenyewe uitwao Karura. Kuna maporomoko ya maji yenye kimo cha mita 15 hivi, kuna mapango yaliyowahi kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau, kuna mianzi, na sehemu kubwa za mikaratusi ya zamani ambayo inaondolewa polepole ili miti ya asili irudi. Njia zake zikiunganishwa zinapita kilomita 50.

Ungekuta majumba badala ya hayo yote. Miaka ya 1990 vipande vya Karura viligawiwa watu wa ujenzi. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakawa wanakwenda na miche kupanda palipokatwa, na tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na genge la wanaume, Maathai akapasuliwa kichwa. Msitu ulibaki, lakini miaka mingi baadaye bado mtu wa Nairobi alikuwa haingii humo. Palijulikana kwa wizi na mambo mabaya zaidi. Kilichopafungua tena ni ua wa nyaya za umeme, walinzi waliochukuliwa kutoka vitongoji vya jirani, na jumuiya ya wananchi iliyoshirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Nakueleza haya kwa sababu utakapolipa langoni utataka kujua unalipia nini.

Ukifika, fanya hivi. Lipa kwa simu. Noti acha nyumbani. Piga picha ramani iliyo langoni, kwa sababu kwenye makutano ya njia utakuta vigingi vyenye namba, na namba hizo zina maana tu ukiwa na ramani. Mgeni wa Karura hupotea kwa sababu miti ya mikaratusi inafanana yote, na kila njia inaonekana kama ile uliyoijia. Kisha chagua mzunguko wa kilomita 5 au 6 kwa miguu, au 10 kwa baiskeli, uupite polepole, ukisoma namba. Ukipotea kabisa, mwambie mlinzi kwa simu namba ya kigingi ulichosimama, hilo linatosha.

Baiskeli hukodishwa huko huko. Kwa mara mbili tatu za kwanza kodi, usinunue. Utajua mwili wako unapenda nini kabla hujatoa pesa.

Baiskeli ya mtumba, na namna ya kutoibiwa

Wengi wetu tunaendesha mitumba iliyotoka Ulaya, na hakuna aibu. Fremu nzuri ya miaka kumi na tano iliyopita inaishinda mpya ya bei rahisi ya dukani kila siku ya wiki. Ila ikague.

Geuza baiskeli kichwa chini, zungusha magurudumu. Rimu ikiyumba kidogo kushoto na kulia, spoki zinahitaji kukazwa; kazi ya nusu saa kwa fundi. Ikiyumba sana, iache. Tazama viungo vya fremu, hasa chini ya usukani na karibu na pedali: rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni dalili ya ufa, na fremu ya alumini iliyopasuka usimpe fundi achomelee. Shika mnyororo pale unapokumbatia meno ya mbele, uvute kuelekea mbele. Ukinyanyuka ukaonyesha nusu ya jino, umeisha, na huenda umeyala na meno yenyewe. Bei ya kubadilisha vyote viwili itoe kwenye bei ya muuzaji.

Kimo: simama umeipanda bila kukalia kiti. Kati yako na bomba la juu pabaki angalau vidole vitatu au vinne vya nafasi. Kiti nacho kipandishe hadi kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, goti linyooke. Unapoendesha kwa unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjwa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wengi hukaa chini mno, kisha wanalalamika magoti.

Jambo moja ambalo muuzaji hatakwambia: baiskeli kutoka Uingereza breki ya mbele huwa mkono wa kulia, na zile za bara la Ulaya huwa kushoto. Jaribu kabla hujashuka kilima. Niliwahi kuvuta ya mbele nikidhani ni ya nyuma, kwenye mteremko wa changarawe, na kovu la kiwiko bado linanikumbusha.

Upepo wa tairi ndio unaobadilisha kila kitu msituni, na ndio watu hawauangalii. Fundi wa barabarani atakujazia hadi tairi iwe kama mti, kwa sababu barabarani hivyo ndivyo wanavyotaka. Kwenye mizizi na mawe utarukaruka kama mpira. Kwa tairi pana za mlimani zenye tyubu ndani, mtu wa kilo 70 aanze na psi (kipimo cha mkazo wa upepo) 30 hadi 35, kisha ajaribu kupunguza kidogo kidogo. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, umepunguza mno.

Helmeti si ya kujadiliana.

Kwenye mkoba mdogo: tyubu moja nzima, viraka na gundi, vyuma viwili vya kubandulia tairi, pampu, na spana ndogo za pembe sita. Jifunze kubadilisha tyubu sebuleni, si njiani. Na kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote ukitafuta mwiba. Mtu asiyefanya hivyo atabadilisha tyubu mara mbili katika dakika ishirini, na mwiba ni ule ule.

Miguu, maji, na saa

Kwa anayetembea, viatu vya mlimani vya bei ghali havihitajiki Karura wala Ngong. Raba zenye soli yenye meno zinatosha. Zisiwe mpya siku ya safari, na ziwe na nafasi ya kidole gumba mbele, kwani wakati wa kushuka mguu husogea na kucha hulipia. Kata kucha jana yake. Soksi za pamba tupu huloa jasho na kuleta malengelenge. Za sufu au za michezo ni bora.

Maji: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na zaidi kwa baiskeli au juani. Ila beba chupa ya chuma au ile ngumu ya kujaza tena. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika mbuga, misitu, fukwe na maeneo mengine yanayohifadhiwa, na chupa za maji za dukani zimo. Utanyang'anywa langoni, na ni haki yao. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Agosti 2017, kwa hiyo chakula tia kwenye kibweta. Ndizi, karanga, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu vya jana, mandazi. Sijawahi kuona chakula cha pakiti chenye jina la kimichezo kikimshinda kiazi kitamu.

Wenzangu kutoka Mombasa, Tanga au Unguja, kumbukeni Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Siku mbili tatu za mwanzo pumzi itakuwa fupi bila sababu ya kuonekana. Punguza mwendo, usidhani umezeeka.

Kukadiria muda, tumia hesabu hii: kilomita 5 kwa saa kwenye njia nzuri, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 unazopanda. Ukiwa na watoto au wageni, fanya kilomita 3 kwa saa. Usitumie makadirio ya wapita njia. Ukiuliza, utaambiwa "ni hapo tu mbele", na hapo tu mbele ni saa moja na nusu. Si uongo, ni ukarimu, mtu hataki kukuvunja moyo. Anza saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na ujiwekee saa ya kugeuka, umefika au hujafika. Misitu na mbuga hufungwa jioni, na walinzi nao wana nyumba za kurudi.

Ngong kwa miguu

Ukishamaliza Karura mara tatu nne, nenda vilima vya Ngong. Matatu za namba 111 zinatoka mjini hadi Ngong, na kutoka mjini Ngong unapanda kwa boda hadi lango la KFS.

Mgongo wa vilima hivi unakwenda kaskazini hadi kusini ukipanda na kushuka kilele baada ya kilele, na wa juu kabisa, Lamwia, una mita 2,460. Upande wa mashariki unaiona Nairobi yote. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka hadi Bonde la Ufa, na siku isiyo na ukungu macho yanakwenda hadi yachoke. Mwanzoni utapita chini ya mitambo ya upepo. Imewekwa pale kwa sababu, na sababu hiyo itakupiga usoni. Beba jaketi la kuzuia upepo hata kama mjini kuna joto. Nimewaona watu wenye fulana tu wakitetemeka juu ya kilele saa tano asubuhi, jua likiwaka.

Mteremko ndio mgumu, kuliko mpando. Changarawe ndogo juu ya udongo mgumu huteleza kama punje za mahindi sakafuni. Piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe juu ya miguu. Ukiegemea nyuma kwa hofu ndipo miguu inapokutoka. Fimbo moja ya kawaida inasaidia.

Kuhusu usalama niseme wazi: usiende peke yako. Ukitaka kuvuka mgongo wote hadi upande wa Kona Baridi, panga na askari wa misitu langoni wakusindikize. Kuna visa vya uporaji huko mbele, na kuna nyati. Kundi la watu sita na askari mmoja ni safari njema. Na mpange mapema gari la kuwachukua upande wa pili, la sivyo vilele vile vile vitakusubiri kurudi.

Watoto wa Kimaasai wanaochunga pale juu hawako kwenye maonyesho. Salimia, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kubali ukiambiwa hapana. Ng'ombe wakija, simama kando ya njia waache wapite.

Hell's Gate kwa baiskeli

Hii ndiyo mbuga ambayo mtu wa kawaida anaweza kuingia kwa baiskeli na kupita katikati ya pundamilia bila gari. Ina kilomita za mraba 68 na kidogo, ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, na ipo karibu na Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Kwa matatu, shukia Naivasha mjini, panda nyingine ya Moi South Lake Road, ushuke kwenye njia panda ya Hell's Gate. Baiskeli hukodishwa hapo njia panda na karibu na lango la Elsa. Zikague kama nilivyoeleza, hasa breki, na usikubali ile unayopewa kwa haraka kwa sababu watu ni wengi. Ijaribu mita mia mbili kwanza.

Kutoka lango la Elsa njia inapita kando ya Fischer's Tower, jiwe la volkano lililosimama peke yake kama mita 25, kisha inakatiza kati ya kuta ndefu za miamba hadi karibu na korongo la Ol Njorowa. Ni kilomita 8 hivi. Barabara ni ya vumbi laini la majivu ya volkano. Kwenye mchanga mwingi usifunge breki wala kugeuza usukani ghafla, endelea kukanyaga kwa gia nyepesi, macho mbele. Miiba ya migunga iko kila mahali, kwa hiyo tyubu ya akiba hapa ni lazima.

Pundamilia, swala na ngiri watakuacha upite. Twiga naye mwache apite kwanza. Nyati ni habari nyingine. Ukimwona karibu na njia, simama mbali, subiri, au ungana na kundi au gari linalokuja. Usimzunguke kwa kupita vichakani.

Sasa korongo. Mvua ikinyesha mbali, ambako wewe huoni hata wingu, maji yanaweza kujaa humo kwa dakika chache na kuta hazina pa kupandia. Aprili 2012 na tena Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua wageni. Uliza langoni kama korongo liko wazi. Likiwa limefungwa, limefungwa. Asiwepo kijana wa kukushawishi anajua njia nyingine. Likiwa wazi na mbingu za upande wa juu zimekuwa nyeusi, geuka.

Adabu za njiani, kwa ufupi

Anayeendesha baiskeli humpisha anayetembea, na wote wawili huwapisha wapanda farasi. Anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama ni kazi kuanza tena. Piga kengele ukiwa mbali, si kisogoni, na kama huna kengele, "hodi, napita kushoto" inatosha. Vipokea sauti toa hata sikio moja. Mbwa pale anaporuhusiwa awe na kamba, hata kama nyumbani ni mpole. Muziki wa spika ya begani uache kwenye gari. Kuna mbega wa Karura, wale weusi wenye mikia myeupe, wasiopenda wimbo wako.

Na dimbwini, pita katikati. Shuka, beba baiskeli ukilazimika, lakini pita katikati. Raba huoshwa.

Kutunza njia: kazi ya maji

Hapa ndipo nataka ukae.

Maji ya mvua yanapoanguka msituni penye majani hayafanyi kitu, yanazama. Yakipata udongo ulioshindiliwa na nyayo yanashindwa kuzama, yanaanza kutembea. Kijia kikielekea moja kwa moja chini ya kilima, maji yanakifuata kama reli, yanapata kasi, yanabeba udongo mwekundu, na msimu mmoja tu kijia kinakuwa mfereji. Watu wanaacha mfereji, wanatembea kando yake, mfereji wa pili unazaliwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mtunza njia ni hili: maji yanaingia wapi, na yatatokea wapi?

Jibu la bora ni njia iliyochorwa vizuri tangu mwanzo. Njia njema hukata kilima kwa ubavu, haishuki kifuani pake. Kanuni ya waliobobea ni kwamba mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima chenyewe, na kwa wastani usipite asilimia 10, yaani mita moja ya kupanda kwa kila mita kumi za mwendo. Tena uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, kama asilimia 5, ili tone likianguka livuke njia na kushuka zake, badala ya kutembea juu yake. Simu nyingi zina kipimo cha usawa. Kilaze juu ya ubao ulionyooka na utasoma mwinamo.

Tatizo ni kwamba baada ya mwaka mmoja nyayo na magurudumu hushindilia katikati, na ukingo wa nje hujenga tuta dogo la udongo na majani. Tuta hilo la inchi mbili ndilo adui. Linafungia maji ndani. Kazi ya kwanza na nyepesi kuliko zote ya kujitolea ni kuliondoa: shika jembe, kwangua ukingo wa nje hadi uwe chini ya katikati ya njia, tawanya udongo bondeni mbali. Mita ishirini kwa mtu mmoja kwa asubuhi ni kazi nzuri.

Ya pili ni kutengeneza bonde dogo la kutolea maji. Chagua mahali kijia kinaposhuka, kabla maji hayajapata kasi. Chimba mkato mpana usiofanana na mtaro, wenye urefu wa hatua tatu hadi tano kufuata njia, ukiinamia nje kwa mshazari. Udongo unaochimba uweke upande wa chini ya bonde hilo kuwa kivimbe kipana, uushindilie kwa miguu. Baiskeli itapita hapo kama wimbi dogo la bahari, mtembeaji hataona kitu, na maji yatatoka. Mdomo wake uwe mpana, hatua mbili au zaidi; mdomo mwembamba huziba kwa majani mvua ya kwanza. Wengine huweka gogo la mshazari badala ya bonde. Linafanya kazi kwa watembeaji, ila likilowa ni mtego kwa baiskeli, na udongo ukijaa nyuma yake maji hulipita juu. Mimi magogo siyapendi.

Ya tatu ni kufunga vichochoro. Tengeneza kwanza njia kuu ipitike, kisha ziba zile za pembeni. Ukianza kinyume watu watazifungua usiku mmoja. Lainisha udongo ulioshindiliwa kwa sururu ili mbegu zishike, panda miche ya asili uliyopewa na wenyeji wa msitu, na simika matawi makavu wima, kama vichaka. Tawi lililolazwa chini mtu analiruka. Lililosimama linamwambia hapa si njia.

Saa ya kufanya yote haya ni baada ya mvua za kwanza, udongo ukiwa unyevu, unashikana. Kiangazi utachimba vumbi. Masika ikishika, utakanyaga tope na kuharibu zaidi. Ila mvua ikiwa inanyesha vaa koti uende utembee tu, bila jembe. Dakika kumi za kutazama maji yanavyokwenda zitakufunza kuliko kitabu. Weka vijiti vya alama yanapoingilia njiani na yanapotuama, urudi siku ya tatu.

Usichimbe kwa hiari yako. Msitu ni wa serikali na una mpango wa usimamizi. Jembe lisilo na ruhusa ni kosa, na kijia cha siri cha kuruka kwa baiskeli kinaweza kuwaponza waendesha baiskeli wote wa msitu ule.

Pa kujiunga

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na iliyoifuata ya 2016, ziliwapa wananchi wa kando ya misitu nafasi ya kuunda jumuiya na kusimamia misitu pamoja na KFS. Karura ina yake. Uliza ofisi ya msitu langoni jina la jumuiya, ada ya uanachama na siku za kujitolea. Kuna siku za kupanda miti, za kuokota taka, na za kung'oa lantana, kichaka cha maua mazuri kilichotoka ng'ambo na kinachoisonga miche ya asili. Vaa mikono mirefu na glavu, lantana inakwaruza. Kama una ujuzi wa ramani, uhasibu au huduma ya kwanza, sema. Jumuiya nyingi zina mikono ya kutosha ya kupanda miti siku ya kamera, na hazina mtu wa kumwagilia miezi mitatu baadaye. Jitolee kumwagilia.

Usipopata nafasi hata moja kati ya hizo, bado kuna la kufanya kila unapopita: toa taarifa. Watu hupiga picha ya mti ulioanguka, wakaipeleka kwa marafiki, na mlinzi asijue hadi jioni. Taarifa inayosaidia ni fupi na ina mahali. Ya kwangu ya mwisho niliipeleka kwa ofisi ya msitu hivi: "Habari za asubuhi. Mti umelalia njia, hatua kama 40 kutoka kigingi namba 14 kuelekea mtoni. Unene wa paja, msumeno wa mkono unatosha. Maji yanatuama upande wa juu wa mti. Picha ya leo, saa tatu asubuhi."